Majina Ambayo Sikumpa Muuguzi

Kilo ya kwanza ilipotoka nilifurahi. Ya pili nikajisifu. Ya tano nilivua fulana mbele ya vijana wa timu yangu ndani ya kontena letu la mazoezi, nikawaambia waone mtu wa miaka arobaini na mitatu anavyoweza kukauka akiamua. Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikakohoa mpaka nikashika ukuta.

Ninaandika haya nikiwa nimemaliza dawa. Nakula vizuri, na suruali zangu za zamani zinanikaa tena. Nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye leo ameketi kwenye benchi la kliniki ya kifua na kikopo cha makohozi mkononi, akijiuliza nani amwambie na nani amfiche. Mambo ya vidudu na mapafu ataelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitamweleza jinsi nilivyougua, na jinsi nilivyomponza mtu mwingine ambaye hakuwa na kosa lolote ila kuniamini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Migori. Natengeneza milango, madirisha na vitanda vya mabweni. Jioni nilikuwa kocha wa mazoezi wa timu ya raga. Si ile raga ya watu kumi na tano ambayo wengi wanaijua, bali ile ya watu kumi na tatu, raga ligi, ambayo huku kwetu bado tunalazimika kuieleza kila tukiomba uwanja. Katika mchezo huu, kila mwenye mpira akiangushwa, upande unaozuia lazima urudi nyuma mita kumi kabla ya kumkabili tena. Mnamwangusha, mnarudi, mnakimbia mbele, mnaangusha, mnarudi. Wapinzani wenu wana nafasi sita za namna hiyo, na ikiisha ya sita ndipo mpira unakuwa wenu. Mwenye nguvu bila pumzi huonekana dakika ya ishirini akiwa ameinama, mikono magotini, huku watu wanampita.

Basi pumzi ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa na zoezi langu nililoliita chini-juu-kumi: unalala kifudifudi, unainuka, unarudi mita kumi kinyumenyume, unakimbia mbele, unalala tena. Vijana walilichukia kama quinine. Nilikuwa na msemo wangu pia, kwamba mwili ni mwongo, ukisema umechoka usiusadiki hata kidogo. Msemo huo niliupenda sana. Siku hizi nikiukumbuka natamani ardhi ipasuke.

Siku za mvua tulifanyia mazoezi ndani ya kontena kuukuu la meli nyuma ya karakana yangu. Vyuma vya kunyanyua nilivitengeneza mwenyewe kwa ekseli za lori na makopo ya rangi niliyoyajaza saruji. Mvua za Novemba zilipokuja, tulifunga mlango ili maji yasiingie. Tulikuwa watu kumi na wanane mle ndani, mlango umefungwa, pumzi zetu zikishika bati la juu na kutudondokea. Kila Alhamisi niliwapanga kwenye mizani na kuandika kilo zao ukutani kwa chaki, na mwisho nikapanda mwenyewe. Themanini na nne. Themanini na moja. Sabini na saba. Niliandika kwa fahari.

Kikohozi nilikisingizia moshi. Fundi gani wa kuchomelea asiyekohoa? Nilikunywa maziwa, kama tunavyofanya mafundi wote tukiamini yanasafisha kifua, na nilipoona hayasaidii nikaongeza maziwa. Shuka likilowa jasho nililaumu joto. Mke wangu, ambaye ni mshonaji na macho yake yamezoea vipimo vya watu, alinipunguzia suruali mara mbili. Mara ya tatu aliweka mkasi mezani.

"Baba Tabby," akaniambia, "hiyo si kukauka. Hiyo ni kuisha."

Nilimwambia hajui mambo ya michezo.

Kilichonipeleka hospitali ni damu. Ilikuwa mwanzo wa masika. Nilitema pale kwenye mchanga wa karakana, nikaona wekundu, nikausukumia mchanga kwa kiatu kama paka. Hospitali iko mwendo wa dakika tano kutoka kwangu. Mimi nilikwenda Homa Bay. Huku Migori kila mtu ananijua. Mtu akikonda na kukohoa, watu wanampa ugonjwa wanaoutaka wao, na wakishampa haurudi. Niliona heri safari ndefu kuliko macho ya jirani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, dogo, na ndilo lililofundisha yale makubwa njia.

Benchi la kliniki ya kifua liko nje, chini ya paa la bati lisilo na kuta, ili upepo upite. Nilikaa pale na barakoa, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo kutoka Rangwe, mwembamba kama mimi, ambaye alikuwa katika mwezi wake wa tano wa dawa. Aliniangalia akacheka.

"Wewe kofia umeweka ya nini? Hapa sisi wote tuna kitu moja," akasema. Alinipa njugu alizokaanga, na akanifundisha kumeza vidonge kwa kipande cha limau ili kichefuchefu kisishinde. Hakuwahi kuniuliza jina. Kila nilipomkuta kwenye benchi lile, siku yangu ilikuwa nyepesi kidogo. Kama unaanza leo, mtafute mama wa aina hiyo, na usipompata, siku moja uwe wewe.

Majibu yalikuwa kifua kikuu. Nilipimwa uzito, maana idadi ya vidonge hufuata kilo: sitini na moja. Mizani ilikuwa ya aina ileile niliyokuwa nayo kwenye kontena. Nilisimama juu yake miguu peku, muuguzi akaandika, na kwa mara ya kwanza sikuona fahari. Vidonge vinne kila asubuhi kwa miezi miwili, kisha miezi minne ya vingine. Wiki mbili za kwanza nisikae ndani na watu.

Kisha muuguzi akafungua ukurasa mwingine. Alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya chini, asiye na haraka hata foleni ikiwa ndefu. Aliniuliza naishi na nani. Nikamtajia mke wangu, binti yangu Tabby na mdogo wake wa kiume. Akaandika.

"Kazini uko na nani?"

"Niko pekee yangu. Na ni nje, kwa hewa."

Hilo lilikuwa kweli.

"Kuna mahali pengine unakaa na watu ndani ya chumba? Kanisa, chama, klabu?"

Nilikuwa na majina kumi na saba kichwani. Nayajua kwa mpangilio wa jezi. Nilijua kila mmoja ana kilo ngapi, anaamka saa ngapi, goti lipi linamsumbua. Fainali ya kanda ilikuwa mwezi wa sita. Nikaona vijana wote wamepangwa kwenye benchi hili na vikopo mkononi, nikaona wazazi wakiwatoa, nikaona kontena limefungwa na watu wa Migori wakininyooshea vidole. Nikajiambia kwamba nimeshaanza dawa, na baada ya wiki mbili sitaambukiza mtu. Wale niliokuwa nimeshawaambukiza sikuwatia katika hesabu hiyo.

"Hakuna," nikamjibu.

Miezi miwili ya kwanza mwili haukuwa wangu. Mkojo uligeuka rangi ya machungwa, na ingawa nilikuwa nimeonywa, siku ya kwanza nilitoka msalani nimeshika ukuta. Magoti yaliuma kama ya mzee. Nyayo ziliwaka moto, na nilizoea kuziweka juu ya sakafu ya saruji ili zipoe. Harufu ya samaki, mimi mtu wa huku, ilinitoa mezani. Nilikaa peke yangu kwenye chumba cha dirisha kubwa, na Tabby, mwenye miaka tisa, alikuja kusimama nje ya dirisha baada ya shule na kunisomea alichojifunza, kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi. Mke wangu aliamka kila alfajiri kunipa vidonge na kungoja nimeze, kisha akanipa uji wa wimbi. Nilimsema kwa ukali mara nyingi. Nilimwambia hata uji wake una chumvi mbaya. Leo naona aibu nikimtazama akikoroga sufuria.

Timu niliwaambia nina nimonia. Aprili, nguvu zilipoanza kurudi, nilirudi uwanjani na filimbi yangu. Vijana walinipokea kwa makofi. Nilimeza dawa nyumbani, nikavaa jaketi ili wasione mifupa, nikaendelea na kazi.

Sasa nimseme Okeyo.

Okeyo alikuwa mshambuliaji wa safu ya pili, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka kisiwa cha Rusinga, aliyekuja Migori kujifunza ufundi wa magari. Mtu wa kilo themanini na nane, mkimya, mwenye kukimbia moja kwa moja kwenye watu kama hana habari nao. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye kontena na wa mwisho kutoka, kwa sababu alipangisha chumba kidogo na kontena lilimfaa kuliko chumba. Katika mvua zile za Novemba, aliyekaa karibu nami saa nyingi kuliko wote ni yeye. Nilimshikia chuma kifuani nikimhesabia, uso wangu juu ya uso wake.

Niliporudi, ukuta ulionyesha themanini na sita. Wiki mbili baadaye, themanini na tatu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Tazameni Okeyo anavyokauka vizuri." Nilisema hivyo huku nimemeza vidonge alfajiri ileile.

Mwezi wa tano akaanza kubaki nyuma. Katika mchezo wetu mtu akichelewa kurudi mita kumi hupigiwa filimbi, na wenzake ndio hulipa. Jioni moja alinijia kabla ya mazoezi.

"Kocha, leo kifua kimekataa."

"Kifua cha nani? Cha kijana wa miaka ishirini na mbili?" Nililisema hilo mbele ya wote. "Okeyo, siku hizi umekuwa mvivu. Chini-juu-kumi, mara thelathini. Wengine pumzikeni mumwangalie."

Alifika kumi na tisa. Akaenda kwenye nguzo ya goli, akaishika kwa mikono miwili na kukohoa. Nilikijua kikohozi kile. Kinaanza kikavu, kisha kinashuka, kinakwangua kama kata inayotafuta maji chini ya mtungi. Hapakuwa na mtu mwingine katika uwanja ule aliyekijua isipokuwa mimi. Ningeweza kuvuka zile hatua ishirini na kumshika bega. Nilipuliza filimbi, nikawaambia wengine tuendelee.

Wiki iliyofuata hakuja. Nahodha wetu, Chacha, kijana wa Kikuria kutoka upande wa mpakani, ndiye aliyeleta habari.

"Kocha, Okeyo amepelekwa kwao Rusinga. Mamake alituma mtu amchukue. Wanasema ni ile mambo yenu Wajaluo, chira."

Chira, kwa asiyejua, ni kukonda na kudhoofika kunakompata mtu pale miiko ya nyumba inapovunjwa. Mdogo wake Okeyo alikuwa ameleta mke bomani kabla ya kaka mtu kuoa, na hilo kwetu halifanywi. Kwa hiyo Okeyo alipoanza kukonda, boma zima lilijua sababu. Walitafuta mtu wa kutengeneza manyasi, dawa ya miti inayosafisha kosa la namna hiyo. Mimi nimelelewa katika mambo haya na siyacheki. Mama yule alifanya ambalo mzazi yeyote angefanya kwa alichokuwa anakijua. Ila mimi nilikuwa na habari ambayo yeye hakuwa nayo, na ingetoshea katika sentensi moja.

"Twende tumuone?" Chacha akauliza.

"Mambo ya boma la mtu hayaingiliwi," nikamwambia. "Tumalize fainali kwanza."

Tulishinda fainali hiyo. Kombe sijui liko kwa nani sasa.

Jioni ileile Chacha alipoleta habari, nilimsimulia mke wangu mambo ya Okeyo kama mtu anavyosimulia mvua ilivyonyesha. Alisikitika. Alisema kijana mzuri kama yule, maskini. Hakuunganisha, kwa sababu aliamini kwamba timu yote ilishapimwa. Aliamini hivyo kwa kuwa nilimwambia hivyo.

Mwezi wa nne wa dawa, Julai, baridi ya asubuhi ikiwa imeanza na miwa ya Awendo inakatwa, mke wangu alisema tutakwenda wote Homa Bay, anataka kumshukuru muuguzi. Tuliketi wawili mbele ya ile meza. Nilikuwa nimefika kilo sabini na mbili. Muuguzi alifurahi, akamuuliza mke wangu kama yeye na watoto walimaliza dawa ya kinga, akamjibu ndiyo. Kisha akapitia kadi yangu.

"Na hapa alisema hakuna mahali pengine anakaa na watu ndani. Bado ni hivyo?"

Mke wangu akanigeukia.

"Na kontena?" akauliza.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Kontena gani?"

Nilitazama vidole vyangu. Ni mke wangu aliyeeleza, taratibu, kila kitu: mvua, mlango, vijana kumi na saba, kila wiki kwa miezi. Alipomaliza alisema kwa sauti iliyonitia hofu kuliko kelele, "Baba Tabby, na Okeyo?"

Muuguzi hakunigombeza. Alinisogezea karatasi. "Niandikie majina," akasema. Niliandika kwa mpangilio wa jezi, na nilipofika namba kumi na moja, Okeyo wa Rusinga, mkono ulisimama. Yeye akasema atawasiliana na wenzake wa Migori wawatafute wote, lakini huyu wa Rusinga nani anajua boma lake.

"Tunaenda sisi," mke wangu akajibu. "Leo."

Tulifika Mbita mchana, tukavuka daraja, tukauliza njia mara tatu. Mke wangu hakunisemesha njia nzima, ila mara moja tu, aliponipa maji na kuniambia ninywe. Boma lao liko kwenye mteremko unaotazama kisiwa cha Mfangano. Okeyo alikuwa amelazwa kwenye mkeka upande wa jua, shati limefunguliwa. Nilihesabu mbavu zake bila kutaka. Alipumua kwa haraka, upande mmoja wa kifua ukipanda na mwingine umetulia kabisa. Aliponiona alijaribu kukaa, akasema, "Kocha, umekuja," na akafurahi. Hiyo furaha yake ndiyo inayonijia mara nyingi zaidi nikiwa peke yangu.

Mama yake alitoka akipangusa mikono. Alitusalimu vizuri, akaagiza kiti. Aliniita japuonj, mwalimu, kwa heshima. Alisema mzee wa manyasi ameahidi kuja Jumamosi kwa mara ya tatu.

Sikukaa. Nilimwambia kwa Kijaluo, mbele ya mwanawe: "Mama, mimi nina kifua kikuu. Nilikuwa nacho nikimfundisha Okeyo ndani ya chumba kilichofungwa. Naamini alikipata kwangu. Kinatibika, lakini tumpeleke sasa."

Alimtazama mwanawe. Kuku walipita kati yetu. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Nimemrudisha msichana wa watu kwao." Alimaanisha mke wa mdogo wake Okeyo. Kwa ajili ya chira hiyo walikuwa wamemfukuza binti yule wiki nne nyuma, akiwa mjamzito. Mama hakunitukana. Aliingia ndani akatoka na blanketi na shati safi la mwanawe, akampa mke wangu ashike, si mimi.

Hospitali walitoa maji kifuani mwake. Yalikuwa ya rangi ya manjano, chupa baada ya chupa, na nilikaa nje ukutani nikiwasikia manesi wakiomba chupa nyingine. Makohozi yake yalionyesha kile nilichojua tangu jioni ya ile nguzo. Daktari alieleza kwamba pafu la kushoto limekaa ndani ya maji muda mrefu, limeshikana na kujikunja. Dawa itaua ugonjwa, lakini pafu halitafunguka tena lote. Angeletwa mwezi wa tano, alisema, ingekuwa hadithi nyingine. Hakujua anazungumza na nani.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nusura nifichuliwe na kilio cha nyumba ya mtu mwingine.

Vijana wengine walipimwa. Mmoja zaidi alikutwa na ugonjwa, mapema, na amepona. Waliobaki walipewa dawa ya kinga. Niliwaita uwanjani, mahali pa wazi, nikawaambia yote. Walisikiliza wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Wengine walikuwa waking'oa majani, hawanitazami. Chacha ndiye aliyesema.

"Kocha, si ungetuambia tu? Tungekuletea hata maziwa. Ni nani hapa angekukimbia?"

Nilitazama nyuso zile, nikaona anasema kweli. Nilikuwa nimeogopa watu ambao hawakuwapo. Akaongeza, kwa adabu ileile, kwamba wamezungumza wenyewe na wanaona nipumzike. Nilimpa filimbi na funguo za kontena. Wametoboa madirisha manne sasa. Niliyachomelea mimi, walipokuwa hawapo.

Nilimaliza vidonge vyangu Septemba. Muuguzi alinipa mkono. Mama wa Rangwe alikuwa amemaliza zamani, na benchini palikuwa na mtu mwingine mwenye kofia. Nilikaa karibu naye nikamwambia habari za limau. Kisha nikamwambia habari za majina, na akanitazama sana, na sijui kama alinielewa.

Kwa Okeyo nilikwenda kila mwezi. Nilipeleka unga wa uji, mayai, wakati mwingine mafuta ya kupaka magoti. Mama yake alipokea na kushukuru, lakini kiti hakuagiza tena. Msichana yule alirudi bomani na mtoto wa kike mgongoni. Huamkiana na mama mkwe wake kama watu waliokutana sokoni. Mdogo wake Okeyo hupita nyuma ya nyumba akinisikia nafika.

Januari, ardhi ikiwa imekauka na ziwa limetulia, Okeyo alimeza vidonge vya mwisho. Nilimkuta amekaa kwenye mawe chini ya boma akitengeneza injini ndogo ya mashua, maana ufundi anaendelea nao, hapo hapo kisiwani. Amenenepa usoni. Kutoka pale majini hadi nyumbani ni mwendo wa mtoto kukimbia, lakini yeye hupumzika mara mbili njiani, akijifanya anatazama ng'ombe.

Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimeyapanga maneno tangu Mbita. Yeye alitangulia.

"Kocha, nikuulize kitu. Ile siku ulinipea thelathini, ukaniita mvivu. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Ilikuwa nusu ya kweli. Mke wangu hakuwapo, muuguzi hakuwapo, na hakuna karatasi iliyoandikwa kikohozi kile.

"Nilikuwa najua," nikamwambia.

Alifunga boliti aliyokuwa ameishika, akaifungua, akaifunga tena. Nilimwambia nimefikiria kuandika habari hii ili mwingine asifanye nilivyofanya, lakini bila ruhusa yake sitaandika. Nilimuuliza pia kama anaweza kunisamehe.

"Hiyo ya kusamehe bado," akasema. "Usiandike eti nimekusamehe. Nikisamehe nitakupigia simu." Akajipangusa mikono kwa kitambaa. "Lakini andika. Andika ukweli hata kama ni mbaya. Na hapo kwangu uandike sikuwa mvivu, maana wale wote walikuskia ukisema."

Basi naandika. Okeyo hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, nami nilijua.